Watoto wanaoanza chesi: Kiitaliano au London?

Kocha wa Jioni: Wakuu, nina watoto 14 hapa Kawempe, Kampala, P.4 hadi P.6 ya shule ya msingi, mbao nne za chesi, dakika 50 baada ya masomo. Mwenzangu anataka tuwape ufunguzi wa London, yaani hatua za kwanza za mchezo: kitunda (kipande kidogo cha mbele) mraba wa d4, tembo f4, kisha e3 na c3, mpinzani afanye atakalo. Mimi nataka ufunguzi wa Kiitaliano: kitunda e4, farasi f3, tembo c4 anakodolea macho f7, kitunda kinacholindwa na mfalme peke yake. Ninyi mngeanza na upi?

Mbao64: Kiitaliano. Mtoto anaona shabaha. London ni kumfundisha kujenga ukuta kabla hajajua adui anatokea wapi. Ila Kocha, "tembo" ndiye nani? Huyo ni askofu. Hicho Kiswahili cha kambini kitawachanganya watoto.

Afande Mstaafu: Kiswahili cha kambini kimekukosea nini? Miaka 22 nimekula mshahara kwa hicho hicho. Na tembo ni mkongwe kuliko askofu: Waarabu walimwita al-fil, yaani tembo, kabla Wazungu hawajamvika kofia ya kanisa.

Mbao64: Afande, sikukutaja. Lakini watoto wakiandika hatua zao wanaandika B, ya "bishop", askofu kwa Kiingereza. Tembo ana B wapi?

Afande Mstaafu: Na farasi ana N wapi?

Kocha wa Jioni: Jamani, ufunguzi...

Mama wa Mchezaji: Binti yangu alikaririshwa London miezi miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba London ni ya mweupe. Siku ya mashindano, mchezo wa kwanza kabisa, akapewa weusi. Malkia wa mpinzani h5, huyo mnayemgombania jina c4, malkia akala f7, mchezo ukaisha. Hatua nne! Alirudi kimya, rolex niliyomnunulia, chapati ya mayai, akaiacha ipoe mkononi. Kwa hiyo Mbao64, kabla ya "shabaha" zako, wafundishwe kwanza kulinda hiyo f7.

Mbao64: Mama, kwani mimi ndiye niliyemfundisha? Mbona hasira kwangu?

Mzee wa Omweso: Mnahangaika bure. Omweso, bao letu la Uganda, una mashimo 32 na kete 64. Chesi ina kete 32 na miraba 64. Ni mchezo wetu umegeuzwa ndani nje. Mtoto anayehesabu kete za omweso bila kugusa ubao hahitaji Mwitaliano.

Mbao64: Mzee, kwa hesabu hiyo hata trei mbili za mayai ni chesi, zimepungua nne tu. Phiona Mutesi, mchezaji wetu wa chesi, cheo chake cha 2010 alikipatia kwenye omweso?

Mama wa Mchezaji: 2012, Istanbul. 2010 alikwenda Urusi kwenye Olimpiadi ya chesi, cheo kilikuja baadaye. Ukisahihisha Kiswahili cha watu, sahihisha na miaka yako.

Afande Mstaafu: 😂 Dada, umemfunga kwa hatua mbili tu.

Mzee wa Omweso: Trei za mayai! Kijana, uko wapi Jumapili?

Mbao64: Niko. Lete ubao wako, nami nitaleta wangu.

Kocha wa Jioni: Kwangu hata hilo jina halina kesi. Seti mbili zimepoteza hicho kipande, tunaweka kizibo cha soda. Watoto wanamwita Kizibo. "Mwalimu, Kizibo c4." Kuna mwenye vipande vya ziada, vyeupe?

Afande Mstaafu: Ninao tembo mmoja. Sikio limevunjika.

Mbao64: Askofu hana masikio, Afande.