Nifanyeje ili nisome muhtasari na hesabu za michango ya zahanati ya kijiji?

Binti wa Mkulima

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi.

Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenizungusha tangu mwezi Machi. Kijijini kwetu, katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Morogoro, tulikubaliana kujenga zahanati kwa nguvu zetu, kila kaya ikitoa shilingi 20,000 na kushiriki kusomba mchanga na mawe. Boma limefika kwenye lenta likasimama, na sasa ni mwaka wa pili. Ndani ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia yameota majani yanayofika kiunoni, na matofali yaliyobaki nje yamenyeshewa hadi yameanza kumomonyoka. Wajawazito wetu bado wanapakiwa kwenye bodaboda kwenda kituo cha afya kilicho kilomita 14 kutoka hapa.

Mama yangu alilipa mchango wote, na stakabadhi yake ameihifadhi ndani ya Biblia. Mwenyekiti alitangaza mkutanoni kwamba kijiji kina kaya 412, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kupiga hesabu akaona kwamba zilitakiwa kupatikana shilingi 8,240,000. Maneno yaliyoenea vitongojini ni kwamba fedha zimeliwa. Mimi sitaki kusema hivyo kwa sababu sijaona karatasi yoyote.

Nimefika ofisi ya kijiji mara tatu nikisema kwamba nataka kuona hesabu za zahanati. Mara ya kwanza nilikuta mlango umefungwa, mara ya pili nikaambiwa hesabu ni siri ya ofisi, na mara ya tatu nikaambiwa nilete kibali kutoka wilayani. Siku hiyo ya tatu kabati lilikuwa wazi mbele yangu, na niliyaona madaftari yenyewe yamepangwa, mgongo mmoja umeandikwa kwa kalamu nyekundu neno ZAHANATI. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu mwingi.

Naomba kujua kama mwananchi wa kawaida ana haki ya kuyasoma madaftari hayo, anapaswa kumwandikia nani, na akinyimwa aende wapi.

Mtendaji Mstaafu

Marahaba binti, na pole kwa mzunguko huo.

Nimekuwa Afisa Mtendaji wa Kijiji kwa miaka 19 katika vijiji vitatu, kwa hiyo nitakueleza mambo yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Mtendaji ndiye katibu wa Halmashauri ya Kijiji na wa Mkutano Mkuu, na kumbukumbu zote za kijiji ziko mikononi mwake. Mtu anapoingia ofisini akasema "nataka kuona hesabu za zahanati", mtendaji husikia tuhuma, hata kama mwombaji hakukusudia hivyo, na mtu aliyetuhumiwa hufunga kabati kwanza ndipo afikiri. Tena ombi la namna hiyo ni rahisi kulikataa, kwa sababu hakuna kumbukumbu rasmi inayoitwa "hesabu za zahanati".

Kumbukumbu zina majina yake, na ni vizuri uyajue. Uamuzi wa kuchangishana uko kwenye muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji wa tarehe fulani, ambao huambatana na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Fedha zilizopokelewa zinaonekana kwenye vitabu vya stakabadhi, kwa kuwa mlipaji huondoka na karatasi ya juu na nakala hubaki kitabuni ikiwa na namba ileile. Ndiyo sababu stakabadhi ya mama yako ni kitu cha thamani: ukiwa na namba yake unaweza kuomba kitabu chenye namba hiyo, na hakuna atakayekuambia kwamba hakipo bila kujiingiza matatani. Fedha zilizotoka ziko kwenye daftari la fedha na kwenye hati za malipo, na kila hati inapaswa kubandikwa risiti ya duka au sahihi ya fundi aliyelipwa. Saruji na nondo zilizoingia stoo zina leja yake. Mwisho kuna taarifa ya benki, ambayo watu wengi huisahau.

Jambo jingine ni kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kusomewa taarifa ya mapato na matumizi. Taarifa hiyo hubandikwa pia kwenye ubao wa matangazo. Nenda kautazame ubao wenu, na kama iliyopo ni ya zamani, andika tarehe yake kwenye barua yako. Wakati wangu nilikuwa napeleka nakala za mihutasari kwa Mtendaji wa Kata, kwa hiyo hata daftari la kijiji likipotea, kuna mahali pengine pa kuulizia.

Hakikisha tu kwamba jina lako limo kwenye rejista ya wakazi, maana kama si mkazi hawatakusikiliza.

Msaidizi wa Kisheria

Namshukuru mzee kwa maelezo hayo, hasa hilo la majina ya kumbukumbu. Naomba kumsahihisha kwa heshima katika sentensi yake ya mwisho. Kushiriki na kupiga kura katika Mkutano Mkuu kunahitaji ukazi, lakini kuomba taarifa hakuhitaji. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, imetoa haki hiyo kwa kila raia wa Jamhuri ya Muungano, na Ibara ya 18 ya Katiba ya 1977 inasema kila mtu ana haki ya kupewa taarifa kuhusu masuala muhimu kwa jamii. Binti wa kijiji anayefanya kazi Dodoma au Mwanza anaweza kuomba kama anavyoomba aliyeko kijijini. Mipaka iliyopo ni kwamba sheria hiyo inatumika Tanzania Bara tu, kwa hiyo ndugu zetu wa Zanzibar wasiitegemee.

Hakuna kifungu kinachomtaka mwananchi apate kibali cha wilaya ndipo asome kumbukumbu za kijiji chake. Halmashauri ya Kijiji ni mamlaka ya serikali ya mtaa, na sheria inazihusu mamlaka hizo moja kwa moja. Ombi huandikwa likieleza taarifa inayotakiwa kwa namna ambayo mhusika anaweza kuitambua, na asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma au ulemavu anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, ombi lake likaandikwa na ofisi. Jibu linapaswa kutolewa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya siku 30. Wakikataa wanapaswa kukupa sababu kwa maandishi. Usiporidhika unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30, na baada ya hapo unaweza kukata rufaa kwa Waziri, ambaye uamuzi wake ni wa mwisho. Binafsi naona ngazi hiyo ya mwisho ni udhaifu mkubwa wa sheria yetu, kwa sababu mwanakijiji hawezi kufika kwa Waziri kirahisi, na ndiyo maana nasisitiza barua ya kwanza iandikwe vizuri kiasi kwamba jambo liishe palepale.

Mwandikie Afisa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mwenyekiti, kwa Mtendaji wa Kata na kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Maneno yawe machache, kwa mfano: "Naomba kusoma na kupewa nakala ya muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji ulioidhinisha mchango wa ujenzi wa zahanati, pamoja na kusoma vitabu vya stakabadhi, daftari la fedha na hati za malipo za mchango huo, kuanzia siku ulipoanza kukusanywa hadi leo." Usiandike neno wizi wala ubadhirifu. Chapisha barua mbili zinazofanana, wakabidhi moja, na hiyo nyingine igongwe muhuri wa kijiji, iandikwe tarehe na kusainiwa na aliyepokea. Bila sahihi hiyo siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa. Nakala ya Mkurugenzi ipelekwe masjala ya halmashauri hiyo ya wilaya, nayo isainiwe vilevile. Unaweza kutakiwa kulipia gharama ya kutoa nakala, na ukitakiwa, dai stakabadhi.

Nina tahadhari moja. Sheria inalinda faragha ya watu, na vitabu vya stakabadhi vina majina ya majirani zako. Yasome kwa ajili ya kujumlisha, lakini usipige picha orodha ya waliolipa na wasiolipa ukaisambaza kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Nimeshuhudia suala zuri la wananchi likigeuka ugomvi wa koo mbili kwa picha moja ya namna hiyo.

Mama wa Kilifi

Hamjambo nyote. Naandika kutoka upande wa Kenya, ambako haki hii imewekwa kwenye Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na kwenye sheria ya mwaka 2016. Kwetu afisa ana siku 21 za kujibu, na saa 48 iwapo habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi hawalijui, wakadhani lazima watafute wa kuwaandikia Kiingereza. Ukikataliwa unaenda kwa tume huru inayoshughulikia malalamiko ya umma, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Ombudsman, badala ya kwenda kwa waziri.

Ninayoyasema hapa ni kumuunga mkono mzee kuhusu majina. Niliandika barua kuomba "bajeti ya kisima chetu" na nikapewa kitabu kizima cha bajeti ya kaunti, kurasa mamia, na ndani yake kisima chetu kilikuwa mstari mmoja tu. Hawakuninyima, na bado sikupata kitu. Barua ya pili niliomba mkataba wa mkandarasi, makadirio ya vifaa na kazi, na cheti cha kukamilika kwa kazi. Nilivipata viwili siku ya 18, na cha tatu niliambiwa kwa maandishi kwamba hakijatolewa kwa kuwa kazi haijakamilika. Jibu hilo moja lilinifaa kuliko kile kitabu chote.

Binti wa Mkulima

Nimerudi baada ya wiki sita, na nawashukuru nyote.

Barua niliiandika kama nilivyoelekezwa, nikataja namba ya stakabadhi ya mama na tarehe ya taarifa iliyokuwa ubaoni, ambayo ilikuwa ya robo mwaka iliyopita miezi 20 nyuma, karatasi imepauka hadi tarakimu zinasomeka kwa shida. Mtendaji alisita kugonga muhuri. Nilipomwonyesha kwamba nakala ya Mkurugenzi ilikuwa imeshapokelewa masjala, aligonga. Siku ya 23 nilipigiwa simu niende.

Nilipewa benchi na muda wa saa moja na nusu, mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji akiwa amekaa pembeni. Muhtasari upo, na mchango uliidhinishwa kihalali. Vitabu vya stakabadhi nilivipitia karatasi kwa karatasi, na nakala ya stakabadhi ya mama niliikuta, mwandiko uleule na namba ileile. Waliolipa ni kaya 287, yaani shilingi 5,740,000. Kaya 125 hazikulipa, na hapo zimebaki shilingi 2,500,000 ambazo kijiji kizima kinaamini zimeliwa wakati hazikuwahi kuingia. Sikupiga picha ukurasa wowote wenye majina.

Matumizi yaliyoandikwa ni mifuko 140 ya saruji kwa shilingi 18,000 kila mmoja, nondo na binding waya shilingi 900,000, na fundi shilingi 1,600,000. Jumla ni shilingi 5,020,000. Risiti za saruji na nondo zimebandikwa. Hati ya malipo ya fundi haina sahihi ya fundi. Salio la shilingi 720,000 linasemekana liko benki, ila taarifa ya benki sikuonyeshwa, na ni kweli kwamba sikuiomba kwenye barua yangu. Je, niandike barua mpya au nisubiri mkutano? Mkutano Mkuu umetangazwa kufanyika Jumamosi ya wiki ijayo.

Mtendaji Mstaafu

Fanya yote mawili, binti. Barua ya taarifa ya benki ipeleke kesho, ukitaja miezi unayoitaka, ili mkutano ukifika iwe imeshapokelewa. Siku ya mkutano subiri hadi ajenda ya mapato na matumizi isomwe ndipo unyooshe mkono, uulize mambo mawili tu: salio la benki kwa tarehe ya siku hiyo, na sahihi ya fundi. Huenda fundi alilipwa kweli na hati haikukamilishwa. Kama yuko kijijini, aulizwe palepale mbele ya watu. Kisha hakikisha majibu yote mawili yanaandikwa kwenye muhtasari, na uliza utasomwa na kuthibitishwa lini. Zile kaya 125 ziache mkutano wenyewe uzijadili kwa idadi, bila kutaja jina la mtu.