Naomba ushauri: katuni isiyojaa maandishi

Habari zenu wadau. Nachora katuni ya ukurasa wa maoni kwenye gazeti dogo la kila wiki. Mhariri wangu anataka kila kitu kiandikwe jina: mkoba "BAJETI", shimo la barabarani "DENI LA TAIFA", na juzi kaniambia hata jasho la mwananchi niliandikie "KODI"! Naona tunamdharau msomaji. Mchora katuni Masoud Kipanya akimweka yule panya wake, watu wanajua kuna dongo. Gado naye, mzaliwa wa Dar aliyeingia gazeti la Daily Nation la Kenya mwaka 1992, sura zake hazihitaji jina.

Nimejaribu kuchora viongozi kutoka kwenye picha, nikiwakuza masikio na kidevu. Pale kwa muuza magazeti walimtambua waziri mmoja tu. Mwingine wakabishana kama ni kocha wa timu gani.

Wazoefu, mkichora sura mnaanza na umbo zima la kichwa au mnakamata kiungo kimoja na kukikuza? Na je, nimpelekee mhariri rasimu mbili, yenye maandishi na isiyo nayo, achague? Katuni inachapwa nyeusi na nyeupe, upana wa safu mbili, kwa hiyo rangi haitaniokoa.