Mumbai hadi Vellore na mgonjwa wa magoti: treni, ndege au nusu kwa nusu?

Mchangani_58
Assalaam alaykum. Mgonjwa ni mama wa miaka 58, magoti, msaidizi wake kijana wa miaka 30. Ndege ya kutoka Dar inawashusha Mumbai, hospitali iko Vellore. Njia zinazotajwa ni tatu: treni moja kwa moja kutoka Mumbai, ndege nyengine mpaka Chennai kisha treni, au ndege mpaka Chennai kisha teksi. Ipi inamfaa, na akate daraja gani?

KuliWaForodhani
Waalaykum salaam. Kwanza jina. Ukitafuta "Vellore" utaletewa Vellore Cantonment, stesheni ndogo ya njia ya pembeni. Treni kubwa zinasimama Katpadi, alama yake KPD, na kutoka hapo hospitali ni mwendo mfupi wa teksi au bajaji.

Sasa hiyo "moja kwa moja". Mumbai mpaka Chennai ni karibu kilomita 1,280, na treni nyingi huchukua zaidi ya saa 22. Hupita Solapur, Guntakal na Renigunta, Katpadi hazigusi. Akipanda hizo, mama atafika Chennai, atashuka, kisha apande nyengine imrudishe magharibi kilomita 130. Ndege ya Mumbai–Chennai ni saa mbili hivi. Kwa kwenda, magoti yanauma, mimi treni ya Mumbai naitoa kabisa.

BintiWawi
Naam, lakini usiitupe treni yote. Hicho kipande cha Chennai–Katpadi ndicho treni inapoishinda teksi. Treni ya kasi ni saa mbili, na mgonjwa anaweza kusimama akanyoosha mguu, jambo asiloliweza ndani ya gari dogo. Chennai Central ni mwisho wa reli: majukwaa yote yanaanzia ukumbi mmoja, hakuna ngazi za kuvukia. Kutoka kiwanja cha ndege kuna metro inayofika hapo hapo. Angalieni tu kwamba Chennai ina stesheni kubwa mbili. Egmore ni nyengine, msichanganye. Kwenye tiketi Central huandikwa MAS.

Kateni viti, si vitanda. Treni ya kasi iitwayo Vande Bharat, ya Chennai–Mysuru, iliyoanza Novemba 2022, inasimama Katpadi. Daraja la kawaida (CC) viti ni vitatu upande huu na viwili upande ule; la juu (EC) ni viwili kwa viwili, na nafasi ya miguu ni kubwa zaidi. Kwa magoti, hapo pesa ya ziada haipotei.

KuliWaForodhani
Nakubali, ila kasoro iko Katpadi kwenyewe. Hiyo si mwisho wa reli, treni inapita tu, na husimama dakika chache. Ukisubiri treni isimame ndipo uanze kutafuta mlango, umekwisha. Msaidizi asimame mlangoni na mizigo dakika 15 kabla, mgonjwa awe kiti cha karibu na mlango.

SheheWaMitandao
Nduu zangu, ikiwa wakati wa kurudi watapitia reli hadi Mumbai, basi habari ya vitanda ni hii, maana watu wengi huponzwa na herufi.

Sleeper (mabehewa S): hakuna kipoza hewa, hakuna shuka, vitanda vinane kila sehemu. Rahisi, lakini si ya mgonjwa.
3A (mabehewa B): kipoza hewa, shuka na blanketi, bado vinane. Kitanda cha kati hufunguliwa saa 4 usiku na kukunjwa saa 12 asubuhi. Kikiwa wazi, wa chini hawezi kukaa wima. Hapo ndipo goti hulia.
2A (mabehewa A): sita tu, hakuna cha kati, kuna pazia. Hii ndiyo ya mama.
1A (mabehewa H): vyumba vya vitanda viwili au vinne, mlango unafungwa. Nzuri, lakini si treni zote zinayo.

Kitanda cha chini ndiyo shughuli. Mfumo wa tiketi una fungu la vitanda vya chini kwa wanawake wa miaka 45 na zaidi na wanaume wa 60 na zaidi. Lakini fungu hilo ni kwa tiketi ya mtu mmoja au wawili ambao wote wametimiza umri. Ukimtia mama wa 58 na kijana wa 30 kwenye tiketi moja, halihesabiki. Ukizitenganisha, mama anaweza kupata chini, kijana anaweza kutupwa behewa jengine. Chagueni lipi linauma zaidi. Kwa mgonjwa asiyeweza kwenda chooni peke yake, mimi ningewaacha pamoja na kumwomba abiria wa chini abadilishane. Wengi hukubali wakiona mguu.

BintiWawi
Na hali ya tiketi isomeni vizuri. CNF ni nafasi kamili. RAC ni watu wawili kugawana kitanda kimoja cha pembeni, wamekaa. WL ni foleni: ikibaki WL mpaka orodha ya abiria ikitoka, tiketi ya mtandaoni inafutwa, pesa inarudishwa, na hapandi mtu. Yupo anayeona tiketi imelipiwa akadhani safari ipo!

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, tangu Novemba 2024. Zamani zilikuwa 120. Ile tiketi ya dharura, Tatkal, hufunguliwa siku moja kabla, saa 4 asubuhi ya India (kwetu saa 1 na nusu) kwa mabehewa ya kipoza hewa. Lakini tangu Julai 2025 kuikata mtandaoni kunataka Aadhaar, kitambulisho cha wakaazi wa India, kwa hiyo mgeni asiitegemee.

MaalimWaSaa
Jengine, ratiba zao ni za saa 24, na hapa sisi ndipo tunapokosea kuliko wengine. Kwetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kwao siku inageuka saa 6 usiku. Treni ya 00:15 tarehe 12 inapandwa usiku wa tarehe 11 baada ya kula chakula cha jioni. Ukenda stesheni jioni ya tarehe 12, imeondoka zamani. Na 19:40 ni saa 1:40 usiku, si saa 7.

Mchangani_58
Ahsanteni sana, ndege kisha EC. Mizigo je? Na chakula?

SheheWaMitandao
2A ni kilo 50 kwa mtu, 3A kilo 40, 1A kilo 70. Pasi halisi iwe mkononi, si nakala, maana mkaguzi huiomba. Makuli rasmi huvaa shati jekundu na beji. Patana bei kabla mzigo haujapanda kichwani. Chakula chagueni cha mboga, muwe na utulivu. Kiti cha magurudumu kiombwe kwa msimamizi wa stesheni mapema, si treni ikiwa imeshapiga honi.

KuliWaForodhani
Na lile gari la moshi la zamani la Bububu, Unguja, lingekuwa hai tungefanyia mazoezi hapa hapa, maili saba tu.