Ndugu yangu anakwenda mafunzo ya ukomando: ni nini hasa kinachomngoja?

Dada wa Umoja

Hamjambo nyote. Mdogo wangu ni askari wa nchi kavu mwenye umri wa miaka 26, na wiki ijayo anaanza mafunzo ya ukomando ambayo alijitolea mwenyewe. Kwa sasa yuko likizo nyumbani kwetu Umoja, na kila mama anapomwuliza atapitia nini huko, humjibu kwamba ni kukimbia tu kama kawaida, kisha hubadilisha mazungumzo. Mama amesikia habari za watu kunyimwa usingizi, kufungwa mikono wakatoswa majini, na wengine kurudishwa makwao ndani ya majeneza, naye siku hizi halali. Mimi namwona kijana akishuka ngazi za ghorofa ya nne kiubavu, mkono ukutani, na nikimwuliza husema ni uchovu. Naomba anayeyafahamu mafunzo hayo atueleze kwa ukweli watu hufanyiwa nini, na kwa nini iwe lazima.

Mstaafu wa Kahawa

Dada, mpe mama pole zangu. Nilivaa buti miaka 19. Ya jeshi letu nitayaacha kambini kwa kuwa kijana wenu bado yuko kazini, lakini mafunzo haya hufanana sana, na ya nchi nyingine yanajulikana na wote. Huko Lympstone, Uingereza, makuruti wa Royal Marines, yaani makomando wa jeshi la majini, wana jaribio la mwisho la kuvuka nyika ya Dartmoor, maili 30, yaani kama kilomita 48, kwa muda usiozidi saa 8, wakiwa na bunduki na mzigo. Wanamaji wa Marekani wanaotaka kuingia SEAL, kikosi maalumu cha jeshi lao la majini, hupitia huko Coronado, California, juma moja ambalo kwa siku tano na nusu mtu hulala takriban saa 4 tu kwa jumla, huku akilowa maji baridi ya bahari na kubeba magogo pamoja na wenzake. Hilo la kufungwa mikono na miguu ni kweli lipo, ila hufanyika bwawani, wakufunzi wakiwa karibu naye, ili ajifunze kwamba akitulia ataelea na akipapatika atazama.

Kwangu mimi mzigo haukuwa kitu mbele ya usingizi. Usiku wa tatu nilimwona mwenzangu, kijana hodari kutushinda sote, amesimama mbele ya mgunga akiagiza chai na mandazi mawili, kwa adabu kabisa, huku bunduki ameishika vizuri kifuani. Hakuna aliyemcheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuona taa za Barabara ya Thika mahali ambapo hapakuwa na hata kijiji. Katika hali hiyo ndipo mkufunzi hukukabidhi ramani akakuuliza mko wapi na utawapitisha watu wako njia gani. Kazi yenyewe haitakungoja ulale kwanza, na kiongozi ambaye hajawahi kuona akili yake inavyomgeuka ikichoka anaweza kuwapeleka wenzake mautini kwa kusoma vibaya mkondo mmoja wa mto.

Jambo jingine ni miguu. Soksi zilizolowa huvuliwa kila mnapopumzika na kuwekwa ndani ya shati, juu ya tumbo, zikaushwe na joto la mwili, na poda hupakwa katikati ya vidole hata kama macho yanafumba. Nimeona watu wenye pumzi nyingi wakiondolewa kwa sababu ya lengelenge moja la kisigino walilolipuuza asubuhi.

Muuguzi wa Eastlands

Naongezea upande wa afya, na sitapamba maneno: vifo vipo. Mwezi Julai 2013, askari 3 wa akiba walifariki kutokana na joto baada ya matembezi ya kilomita 26 ya kuwania nafasi katika SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, kwenye milima ya Brecon Beacons huko Wales, nchi ambayo wengi wetu tunaijua kwa mvua. Mwaka 1995, wanafunzi 4 wa Ranger, mafunzo magumu ya jeshi la nchi kavu la Marekani, walikufa kwa baridi kinamasini Florida, jimbo la jua. Maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, na aliyekosa chakula na usingizi hana akiba ya kujipasha moto.

Mtu aliyekuwa akikimbia juani akianza kuropoka na kuyumba, huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40. Apoozwe kwa maji baridi papo hapo, kabla ya gari kufika. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, misuli imeanza kuvunjika na figo ziko hatarini, na dawa za maumivu anazomeza kwa siri huzidisha madhara.

Dada, mimi kilichonishtua ni zile ngazi. Nimewauguza vijana walioficha jeraha kwa kuogopa kufutwa kwenye orodha, wakaishia kupoteza kozi na goti pia. Mwulizeni bila kumkaripia.

Mwalimu wa Donholm

Langu ni fupi. Huko Coronado anayetaka kuacha hupiga kengele mara 3, akaiacha kofia yake chini na kuondoka. Shemeji yangu aliacha mafunzo kama hayo, nasi tukamsumbua kwa maswali mpaka akakosa kuja nyumbani Krismasi mbili. Mwambieni kabla hajaondoka kwamba akirudi mapema atakuta chakula kilekile na kitanda kilekile.

Dada wa Umoja

Asanteni sana. Nilimsomea mama majibu yote jana usiku, naye mdogo wangu akiwa amekaa hapohapo. Nilipofika kwenye ngazi alinyamaza, kisha akasema goti la kushoto linamuuma tangu Desemba. Kesho kutwa atamwona daktari wa kambini. Mama ameamka mapema kwenda Gikomba kutafuta soksi za sufu, jozi sita.