Muuza CD wa Kampala kaniuzia boksi tupu la Björk, na bado ananijibu kwa dharau

Wakubwa, mtanisamehe kwa ukali, uzi huu nauandika povu likinitoka. Kuna muuzaji hapa Kampala anayeuza santuri na CD za mtumba kutoka Ulaya kwa njia ya simu. Jina silitaji. Akijiona humu, aje ajitetee mwenyewe.

Alitangaza boksi la CD za Björk, yule mwimbaji wa Iceland, hivi: "Björk, Family Tree, kamili, safi kabisa." Bei laki tatu na nusu, hakuna kupunguza. Kabla ya kutuma hata shilingi nilimuuliza kwa maandishi: zile CD ndogo zipo zote? Jibu lake ninalo kwenye simu: "Zipo boss, kila kitu ndani." Nikamtumia pesa. Boda akanifikishia mzigo Ntinda, na huyo boda naye nikamlipa mimi. Kufungua, nafasi za CD ndogo ni tano, na zote tano zinanikodolea macho. Hakuna hata moja!

Najua kuna watakaosema ni makelele ya nini kwa vitu vya mzungu asiyeeleweka hata anaimba nini. Ngoja basi niwaeleze kilichoibwa.

Mwaka 2002 Björk alitoa mikusanyo miwili ya kazi zake kwa mpigo. Mmoja ni Greatest Hits: CD moja, nyimbo 15, zilizochaguliwa na mashabiki waliopiga kura kwenye tovuti yake. (Sisi wa Uganda tuna maoni yetu kuhusu kura, tuyaache hapo hapo.) Mwingine ndio huu Family Tree, boksi la CD sita. Kubwa ni moja, ina nyimbo 12 alizochagua yeye mwenyewe. Tano zilizobaki ni ndogo, za sentimita 8: mbili zinaitwa Roots, moja Beats, mbili Strings. Kwenye Roots unamkuta kabla dunia haijamjua, yuko na KUKL, ile bendi ya Iceland ya miaka ya 80, kisha yuko na Sugarcubes, bendi yake iliyofuata, wakiimba kwa Kiiceland. Beats ni majaribio yake ya midundo ya mashine. Strings ni yeye na Brodsky Quartet, wapiga nyuzi wanne kutoka Uingereza, na zile nyimbo mlizozoea kuzisikia na midundo ya kompyuta hapo zimevuliwa nguo zote, imebaki sauti na nyuzi.

Msanii wa aina hii humjui kwa vibao vya redioni. Vibao kila mtu anavyo. Boksi hili lilitengenezwa ili uone mizizi, matawi na hata yale yaliyokatwa njiani, na yote hayo yako kwenye CD ndogo. Ukiziondoa umebaki na plastiki.

Na mimi si mgeni kwa huyu mama. Nimekulia Gulu, lukeme, ile ala ya vichuma inayopigwa kwa vidole gumba, naijua tangu utoto. Aliposhirikiana na Konono No. 1, bendi ya Kinshasa, kwenye albamu yake ya 2007, nikasikia likembe, yaani lukeme za kwao, zilizopitishwa kwenye spika mpaka zinakwaruza, nilisimama nikauliza hii ni nini. Tangu siku hiyo namfuata nikirudi nyuma, albamu kwa albamu. Boksi hili lilikuwa ndio mwisho wa safari hiyo, ndiyo maana nilikubali bei ya kijinga.

Sasa sikieni hili, ndilo lililonimaliza. Nikajisemea basi angalau CD kubwa ipo. Naiweka kwenye mashine, mashine inasoma nyimbo 15. Kumi na tano! Ya Family Tree ina 12. Yaani ndani ya boksi lenyewe kaweka CD ya Greatest Hits, ile ya kura, ambayo ukiitafuta vizuri unaipata kwa bei ya chakula cha mchana. Wimbo wa mwisho kabisa ni ule mpya aliouweka kwenye Greatest Hits, na huo Family Tree haumo. Kwa hiyo asiniambie CD ndogo zilidondoka njiani. Hata kubwa nayo ilidondoka ikageuka nyingine?

Kijitabu cha maneno ya nyimbo nacho kinanitia shaka. Karatasi yake nyepesi, wino unaacha alama kwenye vidole. Nasser Road, ule mtaa wa Kampala wa kuchapisha hata vitu bandia, tunaijua sote, sisemi zaidi.

Nilipompigia, majibu yake yalikuwa matatu, kila moja baya kuliko lililotangulia. Kwanza, "hizo ndogo ni nyongeza tu." Pili, "hazisomeki kwenye mashine za siku hizi." Uongo mtupu: mashine yoyote yenye trei inazisoma, ule mduara mdogo ulioshuka katikati ya trei umewekwa kwa ajili yake. Zinakokwama ni kwenye zile redio za magari zinazomeza CD kwa mwanya, na gari sina. Tatu, "nyimbo zote si ziko YouTube, mzee?" Kama ziko YouTube, kwa nini laki tatu na nusu uliipokea?

Tena tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017. Bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. "Kamili" ni maelezo. "Kila kitu ndani" ni maelezo. Nimemtumia ujumbe wa kumkumbusha, akanijibu kwa kidole gumba na akanifungia.

Kwa hiyo natangaza hapa. Kama kuna mtu ameuziwa na jamaa wa namna hii CD ndogo za Björk zikiwa peke yake bila boksi, aniandikie pembeni, maana nahisi mzigo mmoja umegawanywa ukauzwa mara mbili. Wewe muuzaji nakupa mpaka Ijumaa: ama CD zote sita, ama pesa yangu yote. Na boda wa kukurudishia takataka zako utamlipa wewe.