Mtoto wa miaka 11 anadokoa hela na kurudi usiku: mamlaka ya mzazi yanaishia wapi?

MamaPasua
Shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Naomba ushauri wa kueleweka.

Mtoto wa kiume, miaka 11, darasa la tano, tuko Moshi. Shida ni tatu. Akitumwa dukani kwa Mangi na 5,000 chenji inarudi pungufu, leo 500 kesho 1,000. Akitoka shule anapitiliza kwenye kibanda cha gemu, anaingia nyumbani saa 1 na nusu usiku. Na bibi yake akimsemesha anamjibu mkato. Baba yake yuko Mererani machimboni, anakuja kila baada ya wiki mbili. Akifika anasomewa mashtaka yote na mtoto anachapwa kwa waya wa pasi. Safari iliyopita alama zilikaa mapajani siku 6. Jirani amesema ikitokea tena anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Je, jirani ana haki hiyo? Mpaka wa mzazi kwa mwanawe ni upi? Na fimbo ikiwekwa chini nishike nini, maana nikilegeza kidogo ananipanda kichwani.

Ustawi_Mtaani
Pole mama. Nianze na jirani, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea na kuanza kununiana.

Jirani ana haki, tena sheria inasema ni wajibu wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke serikali ya mtaa. Taarifa ikifika kwa afisa ustawi wa jamii, hatua ya kwanza siyo pingu. Mhusika anaitwa, anakaa chini na afisa, wanazungumza, na uamuzi unatolewa kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Akikaidi ndipo jambo linakwenda mahakamani. Kwa hiyo usimchukie jirani. Aliyekwambia kwanza kabla ya kwenda amekuheshimu.

Sasa mpaka wenyewe. Soma kifungu cha 13. Kinakataza kumtesa mtoto, kumpa adhabu ya kikatili au kumdhalilisha. Halafu kinaweka vipimo viwili vya kumrudi mtoto. Cha kwanza, adhabu isizidi kwa aina wala kwa kiasi ukilinganisha na umri wake, mwili wake na akili yake. Cha pili, kama mtoto hawezi kuelewa anaadhibiwa kwa sababu gani, iwe kwa udogo au kwa jambo lingine, basi adhabu hiyo haina uhalali wowote. Waya wa pasi unaoacha alama siku 6 umeanguka kwenye kipimo cha kwanza, hauna mjadala. Adhabu ya kuvunja sehemu hiyo ya sheria ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote pamoja.

Na hili nalisema kwa upendo, mama: kifungu cha 9 kinampa kila mzazi wajibu wa kumlinda mtoto dhidi ya ukatili. Kila mzazi, maana yake na wewe unayesoma mashtaka.

Mzee_wa_Kihamba
Binti yangu, samaki mkunje angali mbichi. Sheria aliyoitaja ndugu hapo juu haikufuta kumrudi mtoto, imesema isizidi. Fimbo mbili za mpera matakoni kwa kijana wa miaka 11 anayejua kabisa kwamba kaiba, ukatili uko wapi? Shuleni mbona wanachapa kwa kibali? Tukiwaondolea wazazi kila kitu, hawa watoto watalelewa na vibanda vya gemu. Waya sikubaliani nao, huo ni wa kupigia ng'ombe, na hata ng'ombe mwenye akili hampigi hivyo.

Ustawi_Mtaani
Shikamoo mzee. Ni kweli sheria haikutaja fimbo ya nyumbani kwa jina lake, imetoa vipimo. Lakini tazama hiyo ya shuleni ilivyofungwa. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa kibali naye kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Zimewekwa kamba hizo kwa sababu mtu mwenye hasira hahesabu. Nyumbani hakuna kitabu, hakuna shahidi, na baba ametoka safari amechoka. Wanaoishia ofisini kwetu wengi hawakukusudia kuumiza. Walianza na fimbo mbili.

Sista_Zamu
Niongeze upande wa mwili, maana watu huhesabu alama za juu ya ngozi tu.

Kofi la sikioni linapasua ngoma ya sikio, hasa kiganja kikifunika tundu lote na kusukuma hewa ndani. Mtoto wa chini ya miaka 2 akitikiswa kwa nguvu anaweza kuvuja damu ndani ya ubongo bila hata kovu la nje. Kipigo kirefu cha mapajani na matakoni kinaponda misuli, na uchafu wa misuli iliyopondeka unaziba figo. Ukiona mtoto aliyechapwa anakojoa mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa, au anakojoa kidogo sana, ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Na kumfungia mtoto nje usiku, kwa baridi ya Moshi ya mwezi wa 7, usiite adhabu.

Jingine, kabla hamjamwita mtoto jeuri mpimeni. Simama hatua mbili nyuma yake, asikuone mdomo, mwambie kwa sauti ya chini kabisa, "Kuna maandazi mezani." Asipogeuka, rudia upande wa pili. Mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni anaweza kuwa hasikii vizuri, na asiyesikia vizuri hujibu nusu nusu, watu wakadhani ni kiburi. Masikio na macho yanapimwa, hospitali ya KCMC iko hapo hapo mjini. Angalia na usingizi: umri wake unahitaji saa 9 hadi 12. Akilala saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, huyo mchana hana uvumilivu na mtu yeyote.

Mwl_Kiboriloni
Mama, umeandika shida tatu. Mimi naona ni moja na nusu. Kibanda cha gemu kinataka hela, mtoto hana hela yake, mtu pekee anayempa hela mkononi ni wewe ukimtuma dukani. Ukishughulikia chenji peke yake na kuacha kibanda, atahamia kwenye pochi ya bibi.

Anza na chenji. Acha kuuliza "Chenji iko wapi?" wakati unajua. Swali hilo linamfundisha kutunga: imeanguka, Mangi hakuwa na mia tano, kaka mkubwa kaninyang'anya. Sasa ana makosa mawili, na la pili umemsaidia kulitenda. Hesabu mbele yake juu ya meza, kisha sema hivi: "Ilitakiwa 3,200. Iko 2,700. Mia tano imetumika, utairudisha." Usipandishe sauti, usimwite mwizi. Mtoto akiitwa mwizi mbele ya wadogo zake hana tena jina la kulinda.

Kurudisha kuwe kwa kazi ambayo siyo zamu yake ya kila siku: kuosha viatu vya wadogo, kufagia uwanja wote, kupepeta mchele. Kila kazi iwe 100. Kazi 5, deni limekwisha, na likiisha limeisha, usilitaje tena siku akivunja kikombe. Kazi ziwe nyepesi na ziishe kabla ya muda wa kusoma. Chakula usiguse kamwe, chakula siyo mshahara. Na usimpe daftari kuwa adhabu, atachukia daftari.

Kesho yake mtume tena. Hapa wazazi wengi hukataa, wanaona ni kujitafutia hasara. Mtume na 1,000, andika bei kwenye karatasi, arudi na karatasi na chenji. Asipotumwa kabisa, hana mahali pa kuonyesha kwamba amebadilika. Zikipita safari 5 safi panda hadi 2,000. Elfu tano isubiri mwezi.

Kisha mpe hela yake, 1,000 kila Jumamosi, au 500 kama hali ni ngumu, ila isiruke. Na gemu usimfutie. Jumamosi saa moja nzima, kwa hela yake mwenyewe. Mwenye kibanda mfuate wewe kwa miguu yako, mwonyeshe mtoto, mwambie siku na saa anazoruhusiwa. Wengi wanasikia wakiambiwa uso kwa uso.

Kurudi nyumbani: jua letu linazama kwenye saa 12 na nusu hivi. Weka saa 11 na nusu jioni awe ndani ya geti, uiandike ukutani. Akichelewa leo, kesho anatoka shule moja kwa moja mpaka nyumbani, hachezi. Siku moja tu. Ukimfungia mwezi mzima, siku ya tatu hana cha kupoteza na wewe huna cha kuongeza.

Jiandae kwa jambo moja. Wiki ya kwanza atazidi. Atalia, atasusa, atasema bibi ndiye anayempenda. Anapima kama ukuta ni wa tofali au wa kanga. Ukikubali siku ya 4 baada ya kelele, umemfundisha kwamba kelele zinatakiwa ziwe za siku 4. Kwa hiyo usitangaze jambo usiloweza kulisimamia ukiwa umechoka.

MamaPasua
Asanteni, shikamoo mwalimu. Nimeandika kila kitu kwenye daftari. Je, bibi? Nikimnyima kutoka, bibi anampenyezea 500. Na mtoto huyo huyo ndiye anamjibu ovyo!

Mzee_wa_Kihamba
Hapo niachie. Bibi haambiwi mbele ya mjukuu. Mfuate asubuhi akiwa peke yake, mpelekee chai, mwambie: "Mama, naomba unisaidie hili kwa mwezi mmoja tu." Mpe kazi yenye heshima, yeye ndiye ashike ile hela ya Jumamosi na kuikabidhi. Mkono wake utabaki unatoa, ila utatoa kwa utaratibu.

Kuhusu kujibu mkato, mtoto asiombe msamaha kwa kusukumwa shingo. Kwetu Wachagga mtu mzima aliyekosa hupeleka jani la isale, na anayelipokea halikatai. Mtoto afundishwe maana ya jani hilo, alichume mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, alete kwa mikono miwili, aseme alichokosea kwa jina lake: "Bibi nilikujibu vibaya ulipoita." Bibi alipokee, amwekee mkono kichwani, basi. Lisifanywe kila wiki, litakuwa majani tu.

Na nimesoma maneno ya sista kuhusu figo. Sikuyajua. Hilo la fimbo mbili sitalisukuma tena hapa. Lakini nasisitiza baba asivuliwe sauti mbele ya mwanawe.

Mwl_Kiboriloni
Mzee umenena. Na ndiyo kazi iliyobaki. Kosa la Jumanne likichapwa Jumamosi ya wiki ya pili, mtoto hafungamanishi maumivu na chenji. Anayafungamanisha na baba kushuka kwenye gari. Baada ya muda atakuwa mtoto anayetoweka kila baba anapokuja, na hapo ndipo mamlaka ya baba yanakufa kweli kweli, kijana akiwa bado na miaka 11.

Kwa hiyo mashtaka yakome. Kosa linaishia siku ile ile mikononi mwako. Baba akipiga simu jioni mpe taarifa fupi: kilichotokea, kilichofanyika, kimeisha. Halafu mpe simu mtoto, baba amwambie, "Nimesikia umelipa deni la mama." Neno hilo kutoka kwa baba lina uzito kuliko waya.

MamaPasua
Anakuja Jumamosi hii. Nikimwambia haya akiwa ameshaingia ataona nimemgeuza na watu wa mtandaoni.

Ustawi_Mtaani
Mpigie leo usiku, kabla hajaanza safari. Usianze na sheria. Anza na mapaja: mwambie alama zilikaa siku 6, na wewe ndiwe uliyemkanda. Wanaume wengi hawazioni, wanakuwa wamesharudi machimboni. Sheria itaje mwisho, tena kwa ajili yake, kwamba akifikishwa mbele kipato cha nyumba nzima kinasimama. Mwombe kitu kimoja: safari hii asiguse. Akifika, mtoto awe tayari na kazi ya kufanya na baba yake, hata kwenda sokoni Mbuyuni, mtoto ndiye ahesabu hela na chenji.

Waya utoe ndani ya nyumba kabla hajafika. Akikasirika na kushindwa kujizuia, toka na mtoto, nenda kwa huyo huyo jirani. Simu ya mtoto ni 116, haitozwi, na kituo cha polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto.

MamaPasua
Nimeshampigia. Amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto bado anachechemea. Nimemwambia hapana. Amesema atakuja na viatu vya shule. Mwalimu, swali la mwisho: mtoto akikataa kufanya zile kazi za kulipa?

Mwl_Kiboriloni
Usibishane. Mwambie, "Sawa, deni lipo." Jumamosi hela yake ikitoka kwa bibi, inakatwa 500 mbele yake na inabaki 500. Nusu ya saa ya gemu badala ya saa nzima. Wiki inayofuata atafagia.