Tupeane uzoefu: kumpeleka mke mapumziko Mbeya au Iringa, chakula halali, bila mbio mbio

MwanaTemeke: Assalam aleykum, na habari zenu wote. Mi na wife tunataka kutoka Dar mwezi wa saba tukae mji wa baridi tupumzike. Hatutaki zile za kuamka saa kumi alfajiri kufukuzana na simba, tunataka chai taratibu, mchana tukaone maji au msitu, jioni tumerudi. Masharti mawili tu: tusile kwa wasiwasi, na tunapolala pasiwe na baa inayopiga muziki mpaka asubuhi. Nimekwama kati ya Mbeya na Iringa. Mliowahi kwenda wawili semeni yaliyowakuta.

Mkamasungu: Mbeya. Funga mjadala.

MnyaluOG: Kamwene. Mjadala haufungwi na mtu wa Mbeya. Iringa mji mdogo unatembea kwa miguu, jioni unampeleka shemeji jiwe la Gangilonga mnakaa juu mnaangalia mji mzima unavyowaka taa, kesho yake Isimila, km 20 hivi tu, zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua ukipiga picha watu watadhani uko Marekani. Halafu Kalenga, makumbusho ya chifu Mkwawa lilipo fuvu lake.

Mkamasungu: Yani umpeleke mke honeymoon akaangalie fuvu?

MnyaluOG: Fuvu lilirudishwa 1954 toka Ujerumani, ni historia ya nchi hiyo. Nyie mna nini, foleni ya malori ya kwenda Tunduma?

Kyela_Mpunga: Tuna ziwa la kreta Ngosi, tuna Daraja la Mungu la mwamba wa asili, tuna Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. We una jiwe.

MamaShuu: Sisi tulienda Mbeya na baba Shuu, watoto tukawaacha kwa bibi. Ushauri wangu kwa mtoa mada, Ngosi nzuri sana ila usimwambie mkeo "ni hapo tu". Baba Shuu aliniambia ni hapo tu. Nikavaa baibui na viatu vya wazi. Njia ni ya msituni, matope, mizizi, mianzi, na mwishoni inasimama kama ngazi, nilipanda mengine kwa mikono. Kila nikiuliza kijana wa kutuongoza anasema "bado kidogo mama" na baba Shuu kanyamaza kimya. Tulipofika juu ukungu umejaa, ziwa halionekani, nikakaa chini nikasema siongei na mtu. Tumekaa karibu nusu saa ukungu ukafunguka ghafla, lile ziwa la kijani liko chini huko shimoni, wallahi nikasahau hasira. Nusu. Kushuka mpaka majini sikuthubutu, ukingo pale ni mkali na wengi wanaishia juu. Vaa buti, suruali chini ya baibui, nenda asubuhi, msimu wa mvua mchana inakuja yenyewe.

Mzee_wa_Qasr: Nyongeza kwa wanaoswali. Mbeya iko magharibi zaidi kuliko Dar, kwa hiyo swala ya magharibi inachelewa kwa dakika 20 hivi. Usifuate ratiba ya Dar ukafuturu au kuswali kabla ya wakati. Na safari hiyo mnaruhusiwa kupunguza swala na kuzijumuisha, unapanda zako mlima asubuhi kwa raha, ukishuka unaswali adhuhuri na alasiri pamoja.

MwanaTemeke: Shukran shehe, hilo sikuliwaza kabisa.

BintiTandale: Nimesoma hii nimecheka peke yangu kwenye daladala maana imenikumbusha Mbeya yetu. Tumefika na basi usiku, baridi inakata masikio, tumeingia lodge moja nzuri tu kwa nje. Dada wa mapokezi katoa lile daftari la wageni, jina, kabila, kazi, unatoka wapi unaenda wapi. Tumetoa vitambulisho, akaangalia cha mume wangu, akaangalia changu, akaangalia tena. "Nyie ni mke na mume mbona ubini tofauti?" Nikamwambia dada sisi mwanamke akiolewa anabaki na jina la baba yake. Akasema hapana, hapa wake za watu wanaletwa sana, bosi kakataza. Mi niko na nikabu! Yani ndo nikaonekana nimejificha zaidi! Mume wangu mpole lakini siku hiyo nikaona mshipa wa shingo umesimama, akampigia mama yake akaweka spika, saa tano usiku, mama mkwe katoka usingizini anafoka "huyo mkwe wangu, harusi nimesimamia mimi mwenyewe, kwani wewe nani?" Dada wa mapokezi akasema sauti yoyote inaweza kuwa mama. Wageni wengine wamesimama na mabegi wanasikiliza kesi. Mara akaja mzee mlinzi, kofia ya sufi na koti refu, akasema subirini. Akanigeukia mimi, "Binti, walii wako alikuwa nani?" Nikamjibu baba mdogo, baba yangu marehemu. "Mahari ulitaja nini?" Nikamwambia msahafu na kitanda. Akamwangalia mume wangu, "kitanda umeshatoa?" Mume wangu kimya. Mzee akacheka akamwambia yule dada wape chumba, hawa ni mume na mke kabisa. Tukapewa chumba. Kufungua mlango vitanda viwili vya futi tatu, eti ndo kilichobaki.

Kyela_Mpunga: 😂😂😂 kitanda umeshatoa

MamaShuu: Mzee apewe maua yake.

Jicho_la_Tatu: Sasa dada, kitanda alishatoa au bado?

BintiTandale: Hayo mambo ya ndani kaka.

Mkamasungu: Ila msiseme "Mbeya", semeni hiyo lodge. Isitoshe Iringa wanauliza hivo hivo.

MnyaluOG: Iringa hatuulizi. Tunajua tu.

Fundi_Gesi: Piga picha cheti cha ndoa weka kwenye simu, imeisha. Walevi na michepuko yao hawaulizwi wanaulizwa wenye ndoa zao, nchi ngumu hii.

Abuu_H: Turudi kwenye mada, chakula. Ndugu yangu nyanda za juu kitimoto, yaani nguruwe, ni chakula cha taifa. Na ukikuta menyu imeandikwa "mbuzi katoliki" usiagize ukadhani mbuzi, ni nguruwe huyo huyo. Nyama yenyewe ya ng'ombe haina shida sana, tatizo ni jiko. Chipsi zinakaangwa mafuta yale yale, kisu kile kile.

Mkamasungu: Si kweli, wanatenganisha.

Abuu_H: Umeingia jikoni?

Mkamasungu: We umeingia?

Abuu_H: Ndo maana nakula samaki.

MamaShuu: Msigombane. Tafuta msikiti, kuzunguka msikiti hukosi mama lishe au mgahawa wa Kiislamu, Mwanjelwa pale Mbeya mjini wapo na Iringa mjini karibu na soko wapo. Ukienda porini beba chapati na maharage yako, parachichi unanunua njiani bei ya bure.

Kyela_Mpunga: Matema ndo jibu lako kaka. Samaki wa ziwani, wali wa Kyela unaonukia, milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini, hakuna kelele. Na kule chini joto, mkeo hatalalamika. Mkibahatika Jumamosi nendeni Lyulilo mkaone gulio la vyungu vya Wakisi.

Jicho_la_Tatu: Hifadhi ya maua ya Kitulo je? Bustani ya Mungu.

MamaShuu: Mwezi wa saba maua hakuna, yako kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Saba utakuta nyasi na baridi tu.

Jicho_la_Tatu: Nyasi nazo ni romantiki.

Fundi_Gesi: Kwa ng'ombe.

Mzee_wa_Qasr: Daraja la Mungu na Kijungu, pale maji yanapozama kwenye shimo la mwamba, msiache, yote mto Kiwira, hakuna kupanda mlima. Kijungu kiko eneo la magereza, uliza kwanza kabla hujatoa simu kupiga picha.

MwanaTemeke: Wakuu tumeamua Mbeya siku chache, Kijungu na Daraja, halafu Matema. Ngosi wife kasoma post ya MamaShuu kasema anisubiri kwenye gari. MnyaluOG usininunie, Gangilonga tutasimama wakati wa kurudi. Cheti nimeshapiga picha. Swali la mwisho, lodge za Tukuyu, njiani kwenda Matema, zina hita?

Fundi_Gesi: Hita ya nini na umeoa?

MamaShuu: Usimsikilize. Beba blanketi na soksi, Tukuyu haina utani.

MnyaluOG: Wakati wa kurudi mtakuwa mmechoka. Simameni wakati wa kwenda.

Mkamasungu: Ameanza tena.